Kitabu kisicho na mtihani: nani atawachapishia watoto wa Kwale?

Kabla hujasogeza kidole kwenda habari nyingine, jiulize swali moja. Kitabu cha mwisho ulichosoma mpaka mwisho bila kusukumwa na mwalimu, bila kuambiwa kitatahiniwa, kilikuwa kipi? Usijibu haraka. Fikiria.

Niliwauliza marafiki swali hilo tukiwa steji ya Ukunda, tukisubiri matatu ya Likoni ijae. Mmoja akataja Kidagaa Kimemwozea. Wa pili akasema Chozi la Heri. Wa tatu, Kigogo. Tukacheka, manake vyote vitatu vimewahi kuwa vitabu teule vya sekondari. Yule wa nne alikuwa mkweli kutushinda sote: alisema hata hivyo vitabu hakuvimaliza, alisoma mwongozo.

Usidhani naanza mahubiri kwamba vijana hawasomi. Mnasoma kutwa. Habari za mpira mnazisoma, uvumi wa wasanii mnausoma, jumbe ndefu za kikundi cha WhatsApp mnazisoma mpaka mwisho. Swali langu ni jingine: kwa nini tangu tukiwa wadogo kitabu kimetujia kikiwa na maswali nyuma yake? Kwa nini hadithi tuliipata kama kazi ya ziada na si kama raha?

Mwalimu wako hana lawama hapa, na mzazi wako pia hana. Jibu liko kwenye pesa: nani anachapisha vitabu vya watoto hapa nchini, na nani anavilipia. Kuna kampuni moja ya Nairobi iliyojaribu kuvunja mtindo huo, na safari yake inatufundisha mengi sisi wa Kwale.

Sasa Sema walivyothubutu

Mwaka 1996 ilizaliwa Nairobi kampuni ndogo ya uchapishaji iliyojiita Sasa Sema. Mwanzilishi wake alikuwa Lila Luce. Wazo lilikuwa rahisi na la kijasiri: kutoa vitabu vya katuni, kwa Kiswahili, vilivyochorwa na wachoraji wa hapa hapa. Si Superman aliyetafsiriwa. Si kitabu cha sarufi kilichopambwa picha mbili tatu. Ni hadithi yenyewe, kwa michoro, kwa lugha ya mtaani na nyumbani.

Miongoni mwa vitabu vya mwanzo ni Abunuwasi, kilichochorwa na Gado. Huyo Gado unamjua, hata kama hujui kwamba unamjua: ndiye Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuja Nairobi mwaka 1992 na kuwatania marais wetu kwa miaka mingi kupitia vibonzo vya Daily Nation. Naye Abunuwasi ni mgeni wa zamani zaidi. Alikuwa mshairi wa Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, jina lake likasafiri na majahazi hadi pwani hii, na huku akageuka kuwa mjanja wetu, yule anayewashinda wakubwa kwa maneno tu. Bibi yako wa Msambweni anamjua. Kumweka kwenye kitabu cha katuni ilikuwa kama kumchukua jirani na kumpa suti mpya.

Sasa Sema hawakuishia kwenye katuni. Mwaka 2001 walitoa Ndoto ya Amerika, riwaya fupi ya vijana ya Ken Walibora, mwandishi tuliyempoteza Aprili 2020. Inawahusu vijana wanaoota kufika Marekani kwa njia yoyote ile. Kama umekulia Diani, huhitaji kuelezwa zaidi. Wewe umewaona vijana wenzako wanaokaa ufukweni wakihesabu siku za mgeni kurudi, wakiota Ujerumani, Italia au Uswisi. Hicho ni kitabu ambacho kijana wa Mwabungo angeweza kukisoma akajiona, hata bila mtahini kumwuliza "jadili maudhui ya uhamiaji".

Basi mbona huioni kampuni hiyo ikitamba leo? Baadaye ilinunuliwa na Longhorn, kampuni kubwa ambayo mizizi yake ni Longman ya Uingereza na ambayo hisa zake ziliingia soko la Nairobi mwaka 2012. Jina la Sasa Sema likabaki kama chapa ndani ya nyumba ya mwingine. Vitabu havikufa, hilo tuliseme wazi. Ila ile kampuni iliyosimama kwa miguu yake, ikiishi kwa kuuza raha ya kusoma, haipo tena.

Hapa ndipo watu husema kwa wepesi: "Waafrika hawapendi kusoma." Mimi nasema hapana. Hebu tuangalie hesabu.

Ng'ombe ni mmoja, wakamuaji ni wengi

Uchapishaji wetu ulianza na mkono wa serikali na wa wageni. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha East African Literature Bureau. Humo ndimo ilimochipuka Kenya Literature Bureau tunayoijua leo. Mwaka 1965 ikaja East African Publishing House, mwaka 1966 Jomo Kenyatta Foundation. Kampuni za Uingereza nazo zikafungua matawi Nairobi: Oxford, Longman, Heinemann.

Heinemann ndiyo iliyompata Henry Chakava. Aliingia mwaka 1972 akiwa mhariri kijana, akapanda hadi kuwa mkuu, na mwaka 1992 yeye na wenzake wakainunua kampuni hiyo na kuifanya ya Wakenya: East African Educational Publishers. Chakava ndiye aliyechapisha Caitaani Mutharaba-ini, riwaya ya Kikuyu ya Ngugi wa Thiong'o, mwaka 1980, wakati ambapo kuchapisha Ngugi kulikuwa kujitafutia balaa. Kisha akatoa vitabu vya watoto vya Ngugi huyo huyo, vile vya Njamba Nene, navyo kwa Kikuyu. Chakava alifariki Machi 2024, na wengi walimwita baba wa uchapishaji Kenya.

Sasa jiulize: kampuni kama hiyo ilipata wapi nguvu ya kuchapisha hadithi ambayo pengine ingeuza nakala chache? Kwenye vitabu vya kiada. Kitabu cha hisabati cha darasa la sita ndicho kilicholipa karatasi ya hadithi ya sungura. Huo ndio mfumo mpaka leo. Kitabu cha shule ni ng'ombe wa maziwa. Hadithi ni ndama anayenyonya kinachobaki.

Na huyo ng'ombe ana mwenyewe mmoja: serikali. Zamani shule ilipewa pesa, ikachagua kitabu kwenye orodha iliyoidhinishwa, ikaenda kununua kwenye duka la vitabu la karibu. Kuanzia Januari 2018 mambo yakageuka. Wizara ya Elimu ilianza kununua vitabu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, ikilenga kila mwanafunzi awe na kitabu chake.

Tuwe wa haki. Mpango huo ulisaidia sana. Kama ulisoma shule ya ndani huko Kinango, unakumbuka watoto wanne wakivutana kitabu kimoja, anayekaa katikati ndiye anayesoma na wengine wanakisia. Mtoto anayeshika kitabu chake mwenyewe ni hatua kubwa, na hakuna anayetaka kurudi kule.

Lakini kila dawa ina athari zake. Duka la vitabu lililoishi kwa kuziuzia shule lilipoteza mteja wake mkubwa. Ingia maduka ya Ukunda uangalie: madaftari, kalamu, karatasi za mitihani, vitabu vya marudio, miongozo. Hadithi za watoto, kama zipo, ziko pembeni zimeshika vumbi. Mwenye duka si mjinga. Anaweka kinachotoka.

Mchapishaji naye akabaki na mteja mmoja. Asipopata zabuni ya serikali, mwaka umekwisha. Akiipata lakini malipo yakachelewa, pia mwaka umekwisha. Ndiyo maana umesikia wachapishaji wakilalamika kwamba wanadai serikali mabilioni ya shilingi, na vitabu vya Gredi ya 10 vikawa gumzo. Kampuni inayosubiri malipo ya kitabu cha kemia haitampa mchoraji kazi ya kuchora hadithi ya mbega wa Diani. Itakuambia, kwa adabu, "mwakani".

Wafaransa walipitia mlango huo huo

Usiseme haya ni matatizo ya nchi maskini tu. Paris kulikuwa na kampuni iliyoitwa Éditions de l'École. Kazi yake ilikuwa vitabu vya shule, kama zetu. Mwaka 1965, watu watatu, Jean Fabre, Jean Delas na Arthur Hubschmid, wakatoa kutoka ubavuni mwake kampuni mpya ya vitabu vya watoto. Wakaiita l'école des loisirs. Kwa Kiswahili ungesema shule ya mapumziko, au shule ya raha. Jina lenyewe ni kama utani kwa kampuni mama.

Walitafuta wachoraji waliothubutu. Mwaka 1968 walitoa kwa Kifaransa hadithi ya Tomi Ungerer ya majambazi watatu wenye kofia nyeusi, wanaovamia magari ya farasi usiku na kisha kubadilishwa na msichana yatima. Hakuna maswali nyuma. Hakuna "umejifunza nini kutokana na hadithi hii?" Mtoto anasomewa, anaogopa kidogo, anacheka, analala. Kampuni hiyo ipo mpaka leo na ni moja ya majina makubwa ya vitabu vya watoto Ufaransa.

Walifauluje? Hawakuikimbia shule. Walipita humo humo shuleni, ila wakabeba kitu kingine. Waliunda mpango wa usajili: mzazi anajiandikisha kupitia kwa mwalimu, na katika miezi ya masomo mtoto anapelekewa kitabu cha hadithi kila mwezi, kiwe chake, aende nacho nyumbani. Shule ikawa mlango wa kupitishia raha badala ya kituo cha mtihani. Na kampuni ikawa na maelfu ya wateja wadogo wadogo, si mteja mmoja mkubwa anayeweza kuchelewesha malipo ikafa.

Serikali yao nayo ilisaidia kwa sheria. Tangu sheria ya Agosti 1981, bei ya kitabu kipya huko huwekwa na mchapishaji, na duka haliruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 5. Maana yake duka kubwa haliwezi kumuua muuzaji mdogo wa kijijini kwa bei ya kutupa. Kodi ya vitabu nayo ni asilimia 5.5.

Sisi je? Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliweka kodi ya asilimia 16 kwenye vitabu. Piga hesabu. Kitabu cha Sh500 kinakuwa Sh580 kwetu. Kwa kiwango cha Ufaransa kingekuwa Sh527.50. Tofauti ya Sh52.50 unaweza kuiona ndogo ukiwa umeketi mkahawani Diani. Kwa mama anayeuza viazi karai Msambweni, hiyo ni sehemu ya unga wa jioni. Kitabu kinarudishwa rafuni.

Ufaransa si Kenya, najua. Mzazi wa kule ana mshahara, ana maktaba mtaani, lugha ya nyumbani na ya kitabu mara nyingi ni ile ile. Hatuwezi kunakili. Ila kuna kitu kimoja cha kuiga: kampuni ya vitabu vya shule si lazima ibaki mateka wa mtihani, ikiwa kuna wanunuzi wengi wadogo wanaolipa kwa wakati.

Hadithi tunazo, tumezikalia

Sasa rudi nyumbani. Kaa kwenye baraza yoyote ya pwani ya kusini uhesabu hadithi ambazo mtoto wa Kwale angeweza kuzipata kwenye kitabu cha picha.

Kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo uliomo katika orodha ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Watalii wanalipa kuingia. Mtoto anayeishi dakika kumi kutoka hapo kwa boda anaujua kwa kukatazwa tu: usiende, usiguse.

Kuna mbega wa Diani, wale weusi wenye mabega meupe, na zile ngazi za kamba zilizofungwa juu ya barabara ya ufukweni ili wavuke bila kugongwa na magari. Hebu niambie, hicho si kitabu cha picha tayari? Kuna palahala wa Shimba Hills, swara mwenye pembe zilizopinda kama jambia, ambaye nchini Kenya anapatikana hapo tu. Kuna mapango ya Shimoni na kumbukumbu za biashara ya watumwa, ambazo zinataka mwandishi mwenye moyo na mkono mwepesi.

Kuna Mbaruk bin Rashid wa Gazi, Mazrui aliyewapiga Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Kuna Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, na serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Safari ya kweli, ya watu tunaowajua, yenye shida na ushindi mwishoni. Gado angeichora kwa wiki mbili.

Na kuna lugha. Mtaala unataka mtoto wa miaka ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Msambweni hiyo mara nyingi ni Chidigo; Kinango ni Chiduruma; Vanga na Wasini kuna Chivumba, Kiswahili chao wenyewe chenye ladha yake. Kamusi ya Kidigo ilishachapishwa mwaka 2004, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema lugha haina maandishi. Kinachokosekana ni vitabu vya kutosha vya kumfanya mtoto wa miaka mitano acheke kwa lugha ya bibi yake.

Ukisema uchapishaji ni kazi ya Nairobi, nitakutajia Asenath Bole Odaga. Alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto tangu miaka ya 1960. Mwaka 1982 alianzisha kampuni yake mwenyewe, Lake Publishers, na hakuianzisha Nairobi. Aliiweka Kisumu, akachapisha kwa Kijaluo na Kiingereza, akakusanya ngano za kwao kabla hazijapotea na wazee. Alifariki mwaka 2014. Kampuni ya namna hiyo haikuhitaji ghorofa. Ilihitaji mtu mkaidi na wanunuzi.

Wakaidi tunao Kwale. Wanunuzi ndio shida. Na hapo ndipo penye habari ambayo huenda hukuijua.

Mnunuzi wa kwanza yuko karibu nawe

Shule ya msingi na ya sekondari ziko chini ya serikali kuu. Lakini chekechea haziko huko. Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya kabla ya shule ya msingi. Ratiba hiyo hiyo iliipa kaunti maktaba. Yaani, umri ambao mtoto anaanza kupenda au kuchukia kitabu, na nyumba ambamo kitabu kinakaa bila mtihani, vyote viwili viko mikononi mwa kaunti. Si Nairobi. Ni Kwale.

Kaunti yetu imejenga madarasa mengi ya chekechea tangu ugatuzi uanze, na hilo linastahili sifa. Jengo unaliona, unalizindua, unakata utepe. Sasa fungua mlango uingie ndani uangalie ukutani na rafuni. Kuna vitabu vingapi vya hadithi? Vya lugha gani? Hilo ni swali la kumwuliza mwakilishi wako wa wadi.

Wacha tupige hesabu ya mfano, na ni mfano tu. Kwale ina wadi 20. Tuseme katika kila wadi tunachagua chekechea tano. Hizo ni 100. Kila moja ipewe nakala 20 za kitabu kimoja cha picha kilichoandikwa na kuchorwa na vijana wa hapa. Jumla ni nakala 2,000.

Sasa angalia uchawi wa idadi. Tuseme kumlipa mwandishi, mchoraji, mhariri na mpangaji wa kurasa kunagharimu Sh200,000. Ukichapa nakala 200 tu, kila kitabu kimebeba mzigo wa Sh1,000 kabla hujanunua karatasi. Nani atakinunua? Ukichapa 2,000, mzigo unashuka hadi Sh100 kwa kitabu. Ukiongeza uchapaji na karatasi, tuseme kinafika Sh300. Oda nzima ni Sh600,000. Kwa bajeti ya kaunti, hizo ni pesa za semina moja hotelini.

Hiyo oda ndiyo tofauti kati ya kijana anayechora kwenye simu akipata "likes" na kijana mwenye kazi. Ndiyo iliyowakosa Sasa Sema: mnunuzi wa kwanza anayeaminika, anayenunua hadithi kwa sababu ni hadithi.

Najua utaniuliza: hospitali hazina dawa, Kinango ukame ukija watu wanatembea na mitungi, na wewe unataka vitabu vya mbega? Swali zuri, na ukitaka tuanze na maji, sitabishana nawe. Lakini bajeti haina mstari mmoja. Pesa za elimu ya chekechea zinatengwa kila mwaka, na zitatumika kwa kitu fulani. Kama hakuna anayeuliza, zitaenda kwenye saruji tena. Saruji peke yake haijamfundisha mtoto kusoma.

Hofu nyingine ina uzito zaidi. Mnunuzi akiwa kaunti, tenda itaenda kwa binamu ya mtu, vitabu vitakuwa vibaya, na tutakuwa tumehamisha ugonjwa kutoka Nairobi hadi Kwale. Kweli kabisa. Ndiyo sababu kaunti haipaswi kuwa mnunuzi wa pekee. Iwe wa kwanza tu, anayewasha moto. Walimu wachague vitabu wao wenyewe, orodha ya vilivyonunuliwa ibandikwe hadharani, hoteli za Diani ziviweke madukani mwao kwa wageni wanaotaka zawadi iliyo tofauti na kinyago, wazazi wanaoweza wanunue kidogo kidogo kupitia shule kama wale Wafaransa. Wanunuzi wadogo wengi. Hapo ndipo nguvu ilipo.

Wewe unaingia wapi

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Kabla ya hapo lazima wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo hufanyika mchana, kwenye ukumbi wa kijamii au chini ya mwembe, na wanaofika ni wazee na wale wanaotafuta soda. Vijana tunasikia matokeo baadaye, tukilalamika mtandaoni. Nenda. Peleka karatasi yenye ombi moja: vitabu vya hadithi kwa chekechea za wadi hii, kwa lugha ya hapa, kiasi hiki. Andika, wasilisha, omba waigonge muhuri nakala yako. Ombi lililoandikwa ni gumu kulisahau kuliko kelele.

Kama unachora au unaandika, usisubiri kampuni ikuite. Tovuti ya African Storybook ina maelfu ya hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na unaruhusiwa kusoma, kutafsiri na kuongeza yako bila malipo. Haitakulipa, nakuambia ukweli. Lakini itakufundisha jinsi hadithi inavyokaa katika kurasa 12, na utakuwa na kitu cha kuonyesha siku mnunuzi akija. Tafuta mwenzako: mmoja anajua Chidigo cha bibi, mwingine ana mkono wa kuchora, wa tatu anajua kupanga kurasa kwenye kompyuta ya saiba. Hao watatu tayari ni nusu ya kampuni. L'école des loisirs pia ilianza na watatu.

Na kama huna kipaji hicho wala muda huo, una mdogo wako nyumbani. Msomee kitu usiku wa leo, hata kama ni kwenye simu. Ukimaliza, usimwulize amejifunza nini.

Yule rafiki yangu wa nne, aliyesoma mwongozo, matatu ilipojaa aliniinamia akaniuliza kama kile kitabu cha Abunuwasi cha Gado kinapatikana Ukunda. Nikamwambia sijawahi kukiona hapa. Akasema, "Sasa mbona unanipa hamu ya kitu ambacho hakiuzwi?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumefika Waa kabla sijalipata.